Kengele Ililia Saa Saba

Kwa siku kumi na tisa za kazi mama yangu aliniambia kila jioni kwamba amejipashia chakula chake cha mchana kwenye maikrowevu, na kwa siku zote hizo plagi ya maikrowevu ile ilikuwa imelala sakafuni nyuma ya ubao, haijagusa umeme hata mara moja. Sikujua. Nilikuwa nikirudi saa kumi na mbili jioni, nikivua viatu nje ili vumbi lisiingie, nikiuliza maswali yaleyale na kupata majibu yaleyale.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Cha moto?"

"Kengele ililia."

Basi nikaridhika. Mtu aliyechoka huridhika upesi.

Nirudi nyuma kidogo, mambo yakae kwa mpangilio wake.

Kazi yangu ni kusikiliza malalamiko ya barabara. Zamani nilikuwa mwandishi wa redio ndogo mjini Kasulu. Redio ilipopunguza watu nikachukua mkataba kwenye mradi wa ujenzi. Napita kijiji kwa kijiji kati ya Kasulu na Kibondo, mara nyingine mpaka Kasanda, nikiwa na daftari. Naandika makaburi yaliyoangukia ndani ya alama za barabara, kalavati lililomwaga maji kwenye shamba la mtu, vumbi lililoingia kwenye unga ulioanikwa, mbuzi aliyegongwa na lori la kifusi. Naandika tarehe, naandika maneno ya mwenye lalamiko kama alivyoyasema, napeleka ofisini. Mara nyingine jibu huja.

Kwa kuwa kambi ya ujenzi huhama kadiri barabara inavyosogea, nilipewa tela la kulala. Ni tela dogo la magurudumu mawili, lile la kuvutwa na gari, ambalo wageni waliokuwa wakifanya kazi Mtendeli waliliacha kambi ile ya wakimbizi ilipofungwa. Zamani lilikuwa jeupe. Ndani unapiga hatua nne umemaliza: kitanda kwenye kona, benchi linalofunguka kuwa kitanda cha pili, na katikati jiko. Nikisema jiko nina maana ya sinki la ukubwa wa bakuli, mafiga mawili ya gesi, kabati moja, na dirisha la plastiki lililopigwa jua mpaka likawa na rangi ya chai. Mmoja akiosha vyombo, mwingine hawezi kufika mlangoni bila kuombwa njia. Tela hili limeegeshwa kwenye yadi ya mradi nje kidogo ya mji wa Kibondo. Umeme tunaupata kwa jenereta ya karakana, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mimi huondoka kabla haujawaka na kurudi umeshazimwa.

Mama alikuja kwangu mwaka jana baada ya kiharusi. Mkono wake wa kushoto umelala, na jicho la upande huohuo halioni sawasawa. Kitu kikitokea kushoto hukijua kikishafika. Kabla ya hapo aliishi Munanila kwa kaka yangu mkubwa. Kaka ni mtu mwema na mkewe ni mwema, wala hakuna aliyemfukuza. Nilipomuuliza kwa nini hataki kurudi, alinijibu kwa ufupi.

"Kwa mkwe sina moto."

Kwetu maneno hayo hayahitaji kufafanuliwa, lakini nitayafafanua. Mama mkwe haingii kwenye jiko la mke wa mwanawe akashika mwiko. Ataletewa sahani, ataletewa maji ya kunawa, atapigiwa makofi ya heshima, na atakaa sebuleni mpaka atakapozikwa. Mama alikuwa amepika tangu hajavunja ungo. Kwangu mimi, bintiye, anaweza kuinua kifuniko cha sufuria bila kuomba ruhusa.

Shida ilianza siku aliyoinua zaidi ya kifuniko. Mchana mmoja wa kiangazi aliingiza jiko la mkaa ndani ya tela ili apashe maharage. Pazia likashika moto. Mlinzi wa yadi aliuzima kwa ndoo mbili za maji, na mama akatoka na malengelenge mkononi, mkono ule mzima. Msimamizi wa yadi alinisubiri jioni langoni.

"Dada, mimi na mzee hatuna ugomvi," alisema. "Ila tela hili ni mbao na plastiki. Sitaki kumwona ameungua humu. Wewe ukiwa haupo, moto marufuku. Ukiwaka tena, mzee ahame."

Tangu siku hiyo kila asubuhi nilifungua kichwa cha mtungi wa gesi nikakitia kwenye mkoba wangu pamoja na daftari. Mama akawa anakula chakula baridi. Kaka alipopata habari alipiga simu.

"Mama anakula kiporo kama mfungwa? Mdogo wangu, mlete huku."

"Hataki."

"Hataki, lakini atakula. Wewe unashinda barabarani. Nani anamwangalia?"

Tulivutana, kisha tukakubaliana. Nilimwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Nitatafuta kitu cha kupashia kisichokuwa na moto. Mama akiweza kujipashia na kula mwenyewe mchana, bila moto na bila kutoka nje ya yadi kwenye malori, atabaki. Kaka atakuja na pikapu yake Jumamosi ya mwisho kujionea, na mama akiwa ameshindwa, atapanda. Mama alikuwa amekaa benchini akisikiliza simu ikiwa kwenye spika. Alikunja khanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

Maikrowevu niliinunua Kasulu, kwenye duka la vyombo vya umeme la mzee mmoja ambaye babu zake walitoka pwani. Yeye mwenyewe amezaliwa hapahapa, anasema Kiha vizuri kuliko mimi, ila Kiswahili chake bado kimesimama wima kama kofia yake. Alinionyesha ya vitufe.

"Hii ndiyo ya kisasa. Unabonyeza, inakuandikia na saa."

"Atakayeitumia haoni vizuri."

"Haoni? Basi tumpe ya masikio." Akashusha nyingine kutoka rafu ya juu, yenye vitasa viwili vya kuzungusha, mtumba lakini safi. Akazungusha kimoja. Kikaanza kugonga taratibu, tik tik tik, kisha ting! "Saa yake ni ya kukaza, kama ya mezani. Hii hata mimi nikizimika macho yote napika pilau."

"Pilau haipikwi humo," mkewe alisema kutoka nyuma ya majokofu.

"Nimesema nini?"

"Umesema unapika."

"Haya, napasha. Dada, mke akiwa karibu huwezi kufanya biashara."

Ting ile niliisikia ikilia dukani, maikrowevu ikiwa imewekwa kaunta, waya wake umefungwa kwa mpira. Haikuwa kwenye umeme. Niliisikia kwa masikio yangu na sikuifikiria.

Nilikuwa nimepima kabati la tela kabla ya kwenda, kwa utepe wa kushonea wa mama, nikaandika daftarini: upana, kina, kimo. Nilipoifikisha maikrowevu Kibondo ikagoma kuingia. Nilikuwa nimepima tumbo la kabati na kusahau mdomo wake, ambao una fremu ya mbao kila upande. Nafasi ilipungua kama vidole vitatu. Ikakaa juu ya kitanda changu usiku ule, nami nikalala nimejikunja kuizunguka.

Jumamosi niliomba ruhusa kazini, nikamwita seremala. Ni mtu wa makamo, wazazi wake walikuja kutoka Burundi, yeye amezaliwa huku na sasa ni raia. Mjini Kibondo anajulikana kwa kabati zisizopitisha vumbi. Wenye maduka ya vitambaa wanamtafuta yeye tu. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu huingia kwenye sukari iliyofungwa, huingia kwenye Biblia, na fundi anayeweza kulizuia ana heshima ya daktari.

"Vumbi ni kama mgeni wa matanga, mama," aliniambia huku akipima kwa kamba yake yenye mafundo. "Halipigi hodi na halijui kuondoka. Dawa yake ni moja: usiache hata upenyo wa wembe."

Alifanya kazi vizuri. Nasema hivyo bila kejeli. Alikata fremu kwa msumeno mwembamba, akahamisha bawaba, akaweka rafu ya plaiwudi, akatoboa tundu nyuma kwa ajili ya waya, maana soketi ya tela iko chini kabisa, karibu na sakafu, nyuma ya kabati. Kabla ya kuiingiza tuliijaribu. Tulileta umeme kwa waya mrefu kutoka karakana, tukaweka kikombe cha maji, taa ndani ikawaka, sahani ikazunguka, kengele ikalia. Mama akagusa kikombe kwa mkono wake mzima na kuurudisha haraka.

"Ni ya moto kweli. Moto umetoka wapi?"

"Kwenye umeme, bibi," seremala alisema.

"Mbona sikuuona?"

"Hata wokovu hauonekani, bibi, na kila Jumapili tunauimba."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu kiharusi.

Baada ya hapo seremala akapitisha waya kwenye tundu, akalala chini akachomeka plagi kwenye soketi, akainuka, akaisukuma maikrowevu mahali pake. Iligoma mwishoni kabisa. Akaipiga kwa kiganja mara mbili, ikaingia. Tulisikia kitu kidogo kikidondoka nyuma.

"Nini hicho?"

"Kipande cha mbao," alisema. "Kitakaa hukohuko, hakina kazi."

Akaziba pembeni zote kwa silikoni nyeupe, ile gundi ya kuzibia nyufa, juu, chini, kushoto, kulia, akailainisha kwa kidole kilicholowa. Nilipitisha ukucha. Kweli, wembe usingepita. Nikaona fahari, kana kwamba nimejenga nyumba. Akaniambia tusiiguse mpaka silikoni ikauke. Saa kumi jenereta ikazimwa.

Jumapili hakuna umeme, lakini kwa kuwa ndiyo siku yangu pekee ya kukaa nyumbani, ndiyo niliyomfundishia mama. Nilibandika kwa gundi punje moja ya hindi pembeni ya kitasa, kwenye alama ya dakika mbili, ili aipapase. Nilimpa bakuli la plastiki la kijani lenye kifuniko. Bakuli lake la bati, la bluu, alilotoka nalo kwao alipoolewa, nililiweka mbali.

"Bati haliingii humu, mama. Litatoa cheche."

"Bati langu limelisha watoto wote wa ukoo."

"Najua. Lakini humu haliingii."

"Ego," alisema, yaani ndiyo, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto.

Tulifanya mazoezi mara sita. Anafungua mlango, anaweka bakuli, anafunga, anazungusha kitasa mpaka kidole kiguse punje, anasubiri. Tik tik tik. Ting. "Kengele ikilia, chakula ni cha moto," nilimwambia. Nilimfundisha hayo kwenye mashine isiyo na umeme, siku isiyo na umeme, na kwa kila ting nilimpigia makofi.

Jumatatu nikaenda kazini. Jioni akaniambia kengele ililia. Bakuli la kijani lilikuwa tupu, limeoshwa, limefunikwa. Jumanne hivyohivyo. Kaka alipiga simu mwisho wa wiki.

"Anajipashia?"

"Anajipashia."

"Una hakika?"

"Bakuli linakuwa tupu kila siku."

Nilimpa taarifa kwa kutegemea chanzo kimoja tu na bakuli. Redioni mhariri wangu angenirudishia karatasi.

Jumatatu ya wiki ya nne niliamka na malaria. Nilijikokota mpaka kwenye gari, nikashindwa kufika hata kijiji cha kwanza, dereva akanirudisha. Nilipimwa, nikapewa dawa, nikajitupa kitandani na koti langu. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na tisa, na mara ya kwanza tangu Jumamosi ile ya seremala kuwa ndani ya tela saa za umeme.

Saa saba mchana nilifumbua macho. Mama alikuwa amesimama jikoni, amenipa mgongo, hatua mbili kutoka kichwani pangu. Akafungua mlango wa maikrowevu, akaweka bakuli la kijani, akafunga, akapapasa kitasa mpaka kwenye punje. Tik tik tik. Akakaa kwenye ncha ya benchi, mkono mzima juu ya ule uliolala, kama mtu anayesubiri zamu hospitali. Nilitazama kile kioo kidogo cha mlango. Kilikuwa cheusi. Hakuna taa, hakuna mvumo, sahani haikuzunguka. Kwenye karakana ng'ambo ya yadi mashine ya kuchomelea ilikuwa ikilia, kwa hiyo umeme ulikuwepo.

Ting.

Akatoa bakuli, akageuka, akaniletea. "Kula kwanza wewe mgonjwa. Mimi nitakula baadaye."

Nilichovya kidole kwenye maharage. Yalikuwa baridi kama maji ya mtungi.

"Mama, hiki ni cha moto?"

Alinipa kijiko.

"Kengele imelia," alisema.

Nilikula vijiko viwili nikalala. Nilipoamka bakuli lilikuwa tupu na mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchicha.

Jumanne nilimwita seremala na fundi umeme wa karakana kwa pamoja. Seremala alikata silikoni yake kwa kisu, kwa uchungu, kama anachana nguo mpya. Walipoivuta maikrowevu nje tukaona plagi sakafuni, imefunikwa unga wa msumeno. Kumbe ndiyo iliyodondoka siku ile, si kipande cha mbao. Seremala aliitazama, akavua kofia, akaivaa tena. Lakini fundi umeme hakuwa akiitazama plagi. Alikuwa akipitisha kidole kwenye ubavu wa maikrowevu, penye matundu madogo yaliyojaa silikoni.

"Nani ameziba hapa?"

"Mimi," seremala alisema. "Nimezuia vumbi."

"Umezuia na pumzi. Hii kitu inapumua, mzee, kama wewe. Ingekuwa ina umeme siku zote hizi, imebanwa hivi kwenye mbao..." Akanitazama, kisha akamtazama mama, akaiacha sentensi hapo.

Niliimalizia mwenyewe kimoyomoyo. Kitu nilichokinunua ili kuzuia moto kilikuwa kimefungwa kwa namna ya kuuleta, na kilichotuokoa ni kule kuchomoka kwa plagi. Sikujua nimshukuru nani wala nimlaumu nani. Nilikuwa bado na homa. Seremala hakubishana. Alikata nafasi ya vidole vitatu kila upande, akatoboa ubavu wa kabati, akagongomea kipande cha chandarua ili vumbi angalau lipunguzwe. Plagi akaifunga kwa waya mwembamba isichomoke. Tukaweka maji. Taa ikawaka, sahani ikazunguka. Safari hii mama hakugusa kikombe. Alikaa benchini muda wote, na seremala alipomuaga, "Bibi, unisamehe," alimwitikia tu kwa kuinua mkono.

Jumatano nilirudi kazini. Jioni tangi la maji la yadi lilikuwa limekauka na vyombo vilikuwa havijaoshwa. Nikavikusanya mwenyewe. Bakuli la kijani lilikuwa na mabaki ya maharage. Chini yake palikuwa na bakuli la bluu la bati, nalo lina mabaki ya maharage. Nililigeuza. Kitako chake kilikuwa na masizi, meusi, mapya. Nilipaka kidole, nikakitazama, nikalirudisha palepale kama nilivyolikuta.

Ng'ambo ya barabara, kuukabili mlango wa yadi, kuna mwanamke anayekaanga maandazi na kuwapikia madereva wa malori. Alhamisi asubuhi nilivuka kwake kabla gari langu halijaja. Tulisalimiana, mwakeye, mwakeye, kwa kupiga makofi kama ilivyo desturi.

"Mama yangu huwa anakuja hapa?"

Aligeuza maandazi yote ya kikaangoni kabla ya kunijibu.

"Dada, bibi anakuja kuomba moto. Sasa mimi nimnyime moto?"

Hawezi kumnyima. Kwetu unaweza kumnyima mtu chumvi ukasema imekwisha, lakini aliyekuja kuomba moto hanyimwi hata kama mmenuniana. Zamani ulienda na kigae ukapewa kaa la kuwashia nyumbani. Mama hakuweza kurudi na kaa, kwa hiyo alienda na bakuli lake la bati na kuliweka pembeni ya mafiga.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili ya hilo sanduku lenu. Alisema, linapiga kengele kama kanisa lakini ibada hakuna." Akacheka, kisha akaona uso wangu na kuacha. "Alinikataza nisikwambie. Alisema umejinyima ukalinunua, na kwamba ukijua halipashi, kaka yako atakuja na gari kumchukua."

"Anavukaje?"

"Anavuka."

"Nauliza anavukaje, na malori haya."

"Anasimama pale kwenye jiwe, anasikiliza. Akisikia kimya anakuja. Nikiwa sina wateja naenda kumshika. Nikiwa nao..." Akainua mabega.

Mahali hapo pamo kwenye daftari langu. Nimeandika malalamiko manne kuhusu mwendo wa malori mbele ya lango hilo, mawili yakiwa ya mwanamke huyuhuyu. Yako ofisini. Malori hutokea upande wa Kasulu, na mtu anayetoka langoni huyapata kushoto kwake.

Jioni nilizungumza na mama. Sikupaza sauti, sikuwa na nguvu hiyo. Nilimwambia najua yote, na kwamba sasa mashine inapasha kweli, hana haja ya kuvuka.

"Nilikuwa naomba moto," alisema. "Si dhambi."

"Malori, mama."

"Nayasikia."

"Ya kushoto huyaoni, na yakija taratibu huyasikii."

Akakunja khanga. "Utamwambia kaka yako?"

"Ukinihakikishia huvuki, sitakuwa na cha kumwambia."

"Ego," alisema. Sauti ileile.

Ijumaa asubuhi nilifanya jambo ninaloliandika kwa aibu. Nilichomoa uzi mweusi kwenye pindo la sketi yangu, nikaulowesha kwa mate, nikaubandika chini ya mlango wa maikrowevu, nusu kwenye mlango, nusu kwenye fremu. Mlango ukifunguliwa, uzi utaachia. Mama alikuwa bado amelala, au alikuwa amefumba macho. Nikachukua kichwa cha gesi, nikaondoka.

Niliporudi sakafu ilikuwa na umajimaji. Tela lote lilikuwa limefagiwa na kupigwa deki, hata chini ya kitanda, hata kingo za kabati zilipanguswa. Mabakuli yote mawili yalikuwa yameoshwa. La bati lilikuwa limesuguliwa kwa majivu mpaka bluu yake inang'aa, kitako na vyote. Nilipapasa chini ya mlango wa maikrowevu. Uzi haukuwepo. Haukuwepo pia sakafuni, na sikuweza kujua kama uliachia mlango ulipofunguliwa au ulipanguswa na kitambaa.

"Mama, umefagia?"

"Kesho kaka yako anakuja. Akute vumbi?"

"Umekula?"

"Nimekula."

"Cha moto?"

"Kengele ililia."

Nilitoka mpaka langoni. Ng'ambo ya barabara mafiga yalikuwa na majivu tu na benchi la maandazi limegeuzwa miguu juu. Mlinzi alisema yule mwanamke wa maandazi amefiwa na shangazi, ameondoka. Nilimuuliza ameondoka saa ngapi, asubuhi au baada ya chakula cha mchana. Alisema yeye ameingia zamu saa tisa, amekuta hivyo.

Naandika haya Jumamosi asubuhi, nimeomba ruhusa kazini, nimekaa kwenye ngazi ya tela. Ndani mama amevaa gauni lake la kanisani na kukaa benchini, mkono juu ya mkono. Kaka alituma ujumbe kabla ya kuondoka Munanila, akatuma tena alipofika Kasulu, maneno ni yaleyale, kwa kuwa sijamjibu: anauliza aweke godoro nyuma ya pikapu kwa ajili ya mama, au aje hivihivi, mama abaki.